Mabawa ya mbu yanatufundisha nini kuhusu malaria

Ninapopita na mikrofoni katika kambi za ndugu zetu waliokimbia vita, akina mama wananiambia neno lile lile: "Tumesafisha mfereji, tumefunika choo, lakini watoto wanaendelea kuanguka na malaria." Ni watu waliofanya kazi kweli, kwa jembe moja la kuazimana. Kuwaambia kwamba ugonjwa unatokana na uchafu wao ni kuwaonea. Sehemu ya jibu iko kwenye mabawa ya mbu.

Mbu ana mabawa 2 tu, si 4 kama nyuki. Mahali pa mabawa ya nyuma amebaki na vijiti viwili vidogo vyenye vichwa, vya kumsaidia asiyumbe akiruka. Bawa lenyewe ni utando mwembamba wenye mishipa, na juu ya mishipa hiyo kuna magamba madogo sana, kama yale yanayobaki kidoleni ukishika kipepeo. Kwa mbu wa malaria, yaani anofelesi, kwa kawaida magamba meusi na meupe hupangana kwa zamu, hasa ukingoni mwa mbele, na bawa huonekana na madoadoa. Mbu wa kawaida wa chooni, kuleksi, bawa lake halina madoa hayo.

Alama hiyo ndiyo iliyosaidia kufungua siri ya malaria. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko India, alipasua mbu wengi wa rangi ya kijivu bila kupata kitu. Kisha akapata wachache wenye mabawa ya madoadoa, akawaacha wamuume mgonjwa. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, aliona vimelea vya malaria ndani ya ukuta wa tumbo la mmoja wao. Mwaka uliofuata, 1898, akaonyesha kwamba yule mbu wa kijivu naye ana kazi yake: anahamisha malaria ya ndege.

Tofauti hiyo inatuhusu hapa kwetu, kwa sababu mbu hao wawili hawazaliwi mahali pamoja. Kuleksi anapenda maji machafu ya chooni na mferejini. Anofelesi wetu wengi wanataka maji yaliyotulia na yasiyo machafu sana: nyayo za ng'ombe, alama za matairi ya gari, shimo lililochimbwa udongo wa matofali, maji yanayobaki karibu na bomba. Penye joto, yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 14 hivi. Kwa hiyo kusafisha choo kunatukinga na kipindupindu na tusikuache, lakini vidimbwi vile ambavyo macho yanaviona visafi navyo vinahitaji kufukiwa kila wiki.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, angalia ndani ya shitingi asubuhi mapema. Mbu aliyeshiba damu hupumzika hapo. Anofelesi huinua sehemu ya nyuma juu, kama msumari uliopigwa upande. Kuleksi hulala sambamba na ukuta. Tumia kamera ya simu kukuza picha ya bawa. Usimshike kwa vidole, magamba yatafutika na madoa nayo.

Lakini ndugu wasikilizaji, si kila mbu mwenye madoa amebeba vimelea, na kukosa kumwona hakumaanishi hayupo. Anauma hasa usiku tukiwa tumelala. Chandarua kikiwa kimoja, watoto na mama mjamzito watangulie. Na mtoto akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya kupimwa damu kabla ya saa 24 kupita, hata kama nyumbani hakuna aliyeona mbu.