Handeni au Korogwe? Siku Mbili za Kumtafutia Binti Yetu Mji

Kwetu ni Sindeni, mkoani Tanga. Kijiji kipo kando ya barabara itokayo Handeni kwenda Korogwe, kwa hiyo sisi wa Sindeni tumezoea kusema kwamba tuna miji miwili. Ukipanda gari la upande huu unakwea vilima hadi Handeni. Ukipanda la upande ule unateremka hadi bonde la Mto Pangani, na Korogwe hiyo hapo. Kutoka mji hadi mji ni kilometa 65. Zamani, masika yalipokolea, safari hiyo ilikuwa ya kumwomba Mungu. Gari likinasa kwenye tope abiria walishuka wakasukuma, na mgonjwa akasubiri. Lami iliwekwa katika miaka ya 2010, na sasa mtu huenda mjini asubuhi akawahi kurudi kupika chakula cha mchana.

Hatukuwahi kufikiri kwamba ipo siku miji hiyo miwili itatuletea mzozo nyumbani.

Mambo yalianza kwa simu. Binti yetu ni muuguzi, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 27. Alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam kwa miaka minne, akachoka na msongamano na kodi ya nyumba, akaanza kuomba kazi huku mkoani. Alipata mbili kwa mpigo: zahanati moja ya mtu binafsi Handeni, na nyingine Korogwe. Alipewa wiki mbili za kujibu.

"Mama, nakuja tuzunguke wote, na baba naye," alisema. "Miji hiyo naijua kwa kupita tu, na kupita si kukaa."

Tulifurahi, lakini furaha yetu ilikuwa na mwiba ndani. Binti yetu hajaolewa. Akina mama wenzetu mnajua maana yake. Kijana wa kiume akihama kikazi, watu huuliza mshahara. Binti akihama, watu huuliza atakaa na nani. Sisi wazazi tulikuwa tumekwisha kulijibu swali hilo hata kabla hajafika. Atakaa Handeni, kwa mama yake mdogo, ambaye ana chumba kitupu. Hatalipa kodi. Hizo ndizo sababu tulizozisema kwa sauti. Ile tuliyoificha moyoni ni kwamba mama mdogo angetuambia binti amerudi saa ngapi na nani amemsindikiza.

Alifika Jumapili jioni akiwa na begi moja na daftari. Kwenye daftari alikuwa ameandika maswali yake, na kila mji ulipewa ukurasa mmoja.

Siku ya kwanza: Handeni

Jumatatu tulianza na Handeni. Mji umekaa juu, karibu mita 700 kutoka usawa wa bahari, na ukishuka kwenye gari asubuhi unahisi ubaridi mwepesi unaokuamkia. Tulipita Chanika, palipo na maduka na soko, tukaona mahindi, mbaazi na unga wa muhogo wa kusongea bada. Watu walitusalimia kwa utulivu. Mara tatu kabla ya saa nne tulisimamishwa na watu waliotufahamu, na wote watatu walimtazama binti yetu wakauliza, "Huyu ndiye yule wa Dar? Na mume je?"

Handeni ni mji unaojua kupokea watu. Wilaya hii ndiyo iliyowapokea wakimbizi wa asili ya Kizigua waliotoka Somalia baada ya vita vya mwaka 1991. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu hii katika karne ya 19, na wajukuu wao walirudi wakiwa bado wanakisema Kizigua. Walikaa kwanza kambi ya Mkuyu, kisha Chogo kuanzia mwaka 2003, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Kwa upande wa Kanisa, wamisionari wa Kianglikana waliacha mizizi yao Kideleko na Kwamkono, ambako ipo Hospitali ya Mtakatifu Francis. Binti anayeingia Handeni haingii porini.

Zahanati tuliipenda. Ni ndogo, safi, na wagonjwa walikaa kwa mpangilio. Mshahara ulikuwa chini kidogo kuliko wa Korogwe, lakini pasipo kodi ya nyumba angebaki na zaidi.

Tatizo la Handeni tangu zamani ni maji. Wazee wanakumbuka mradi mkubwa wa miaka ya 1970, Handeni Trunk Main, uliovuta maji kutoka Mto Pangani na kuyapandisha huku vilimani. Mwaka 2022 Serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, na Handeni na Korogwe zimo pamoja. Binti yetu hakuuliza habari za miradi. Tulipofika kwa mama yake mdogo aliamkia, akapokewa kwa vigelegele, kisha akaenda uani akafungua bomba. Halikutoa kitu. Akaandika kwenye daftari lake.

Tulikula vizuri. Mama mdogo alimwonyesha chumba, kitanda kimetandikwa shuka mpya. Kisha akasema kwa upendo wote, "Hapa utakaa kama kwenu. Saa mbili usiku mimi nafunga mlango."

"Mama mdogo, nina zamu za usiku," binti akasema.

"Basi tutaona. Nitawauliza wenye zahanati wakupe za mchana."

Tulicheka, naye alicheka. Ila tulimwona akiandika tena.

Siku ya pili: Korogwe

Jumanne tuliteremka. Milima ya Usambara ilisimama mbele yetu muda wote, ya buluu, na joto lilikuwa likiongezeka kila tulipolikaribia bonde. Korogwe ipo karibu mita 300 tu kutoka usawa wa bahari. Ni mji wa njia. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902, mkonge ukafuata reli, na watu kutoka pande nyingi wakafuata mkonge. Mabasi ya Moshi na Arusha hupita usiku na mchana, na Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi nayo ilirudi kupita baada ya kukatika miaka mingi. Sokoni Manundu tulikuta matunda na mboga kutoka Lushoto, na hakuna hata mtu mmoja aliyetuuliza habari za mume.

Kwa mzazi, mji wa njia unatisha. Tuliwaona vijana wa bodaboda, madereva wa malori, nyumba za kulala wageni zimefuatana. Tulitazamana bila kusema neno.

Lakini Korogwe ni pia mji wa wanawake waliosoma. Ipo Shule ya Sekondari ya Wasichana Korogwe, kipo Chuo cha Ualimu, ipo Hospitali ya Magunga na ile ya Mtakatifu Raphael ya Kanisa Anglikana. Binti yetu alitukumbusha jambo jingine. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, ilijaribiwa kwa watoto katika vituo 11 vya Afrika kuanzia mwaka 2009, na Korogwe ni kimojawapo. "Kwa muuguzi, mama, hapa ni shule," alisema.

"Na mbu je?" tukauliza.

"Mbu wapo," akajibu, akaandika.

Kutafuta chumba kulitutoa jasho. Mwenye nyumba wa kwanza alitaka kodi ya mwaka mzima. Wa pili alimtazama binti kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema hapangishi wasichana wasio na waume kwa sababu wanaleta maneno. Sisi tulikasirika. Binti alimshukuru kwa adabu, akatoka.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mama mjane, yenye vyumba vinne uani na wapangaji watatu, wawili kati yao wakiwa walimu wanawake. Tulipiga hodi, tukakaribishwa majamvini. Yule mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, zamu ya usiku unatoka saa ngapi? Nataka nijue geti likuamkie saa ngapi." Akataka kodi ya miezi mitatu, akaonyesha kitabu cha risiti. Binti alifungua bomba. Maji yalitoka. Akajaribu komeo la mlango kwa ndani, mara mbili. Halafu akatuomba tutembee naye kwa miguu hadi zahanati ili ahesabu dakika. Zilikuwa kumi na mbili, na njia nzima ina nyumba za watu.

Usiku ule Sindeni

Baada ya chakula tulizungumza. Tulimweleza faida za Handeni, zote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu: "Baba, mama, nikikaa Handeni nitakuwa mtoto wenu. Hilo ni jema, nami ni mtoto wenu popote. Lakini nikikaa Korogwe nitakuwa muuguzi. Dar nimekaa miaka minne bila kuwaaibisha. Mnaogopa nini kwenye kilometa thelathini na kitu?"

Tulikosa jibu. Mmoja wetu alisema, "Tunataka uolewe." Lilitoka hivyo hivyo, bila kupambwa.

"Hata mimi nataka," akasema. "Ila siwezi kuchagua mji kama mtu anayekaa stendi akisubiri gari. Lazima nile, nilale, nifanye kazi na nisali leo, si siku nitakayoolewa."

Hatukulala mapema. Tulifungua Biblia, kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, habari za Abramu na Lutu walipotengana. Mara nyingi tumesikia ikihubiriwa kuhusu Lutu, jinsi alivyoinua macho akaona bonde lenye maji mengi akalichagua, na yaliyompata huko. Usiku huo nasi tulianza kuisoma hivyo: Korogwe ndiko kwenye bonde na mto, tazama! Lakini Korogwe si Sodoma, na ingekuwa dhambi kuwasingizia watu wake. Tukarudia tena, na safari hii tukamwona Abramu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, mwenye haki ya kuchagua kwanza, naye akamwachia mdogo achague. Tena hakumsusa kwa uchaguzi wake. Sura inayofuata inaeleza jinsi alivyoondoka kwenda kumwokoa Lutu alipotekwa. Aliachia uchaguzi, upendo hakuuachia.

Asubuhi tulimwambia, "Nenda Korogwe." Mama mdogo wa Handeni alinuna kwa mwezi mzima, na tulikwenda kumwomba radhi tukiwa na kuku.

Tuliyojifunza

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Mwezi wa tatu binti alishikwa na malaria kali. Yule mwalimu mstaafu aliona geti halijafunguliwa kwa zamu ya asubuhi, akagonga, akampeleka hospitali kwa bodaboda, mmoja wa wapangaji akikaa nyuma kumshikilia. Sisi tuliambiwa jioni, mgonjwa akiwa amekwisha kunywa uji. Iliuma kuwa wa mwisho kujua. Lakini tulipofika tulimkuta amezungukwa na wanawake watano tusiowajua, wawili wa kwaya ya kanisani na mmoja jirani Mwislamu aliyeleta chupa ya chai. Huo ndio mji alioutengeneza mwenyewe katika miezi mitatu.

Mzazi mwenzetu, ikiwa binti yako atalazimika kuchagua kati ya miji miwili, mwende pamoja, na mji mmoja mwupe siku nzima. Fungueni bomba. Jaribuni komeo. Tembeeni njia ya kwenda kazini kwa miguu, na muulize hali yake saa ya zamu. Takeni risiti ya kodi. Ulizeni kanisa liko wapi na saa za ibada. Tafuteni watu wawili ambao wakikosa kumwona siku moja watagonga mlango. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa ndugu, anaweza kuwa mwenye nyumba. Kisha nyamazeni, achague. Na akikwisha kuchagua, msimfanye ajutie kila mara kwa maneno, maana binti anayeogopa kusemwa hataeleza siku mambo yatakapomharibikia.

Sasa, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, tunasimama kando ya barabara hapa Sindeni tukiwa na kikapu cha mahindi au mbaazi. Gari la Handeni likija kwanza, kondakta hupiga kelele akituita. Tunampungia mkono apite. Sisi tunasubiri la Korogwe.