Mafuta na Unga wa Jikoni Mwetu

Wapo kati yetu wanaodhani kwamba mwanamke aliyeokoka hana haja ya kujipamba, na wapo wanaodhani kwamba bila kopo la dukani hakuna urembo. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Katika kitabu cha Esta tunasoma juu ya wasichana waliotunzwa miezi 12 kabla ya kuingia kwa mfalme, miezi 6 kwa mafuta ya manemane na miezi 6 kwa manukato. Naomi naye, kabla ya kumtuma mkwewe Ruthu kwa Boazi, alimwambia kwanza aoge na ajipake mafuta. Kuutunza mwili si dhambi. Linalotusumbua sisi wauguzi, tunaokutana na akina mama wodini na Jumapili tukakaa nao kwenye benchi moja kanisani, ni kile kinachopakwa.

Tunazungumzia mkorogo. Kila mama aujua, hata kama hautumii. Mwenye kujichubua hutambulika mtaani kwa vidole vyake, maana uso huwa umetakata lakini viungo vya vidole, viwiko na magoti vimebaki na weusi wake. Sisi humtambua mahali pengine pia. Akija kujifungua kwa upasuaji, ngozi yake imekuwa nyembamba, mshono haushiki vizuri na kidonda kinakawia kupona. Hiyo ni kazi ya dawa za jamii ya steroidi, ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi na kwa muda mfupi, lakini watu huzinunua na kuzichanganya na losheni ya mwili mzima. Humo humo mara nyingi kuna haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu huacha mabaka meusi ya rangi kama ya buluu yasiyotoka kwa urahisi. Na baadhi ya sabuni na krimu zina zebaki. Zebaki huharibu figo. Kwa mama mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na hata watoto wa nyumbani wasiopaka chochote huweza kuipata kwa kushikwa, kukumbatiwa na kufutwa kwa taulo moja na mama.

Si kwamba hakuna katazo. Tanzania ilitunga sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga kwamba ifikapo 2020 krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki zisitengenezwe wala kuuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Hata hivyo makopo yapo sokoni, na mengine hayana kabisa orodha ya vilivyomo. Kopo lisilosema limebeba nini tusiliingize nyumbani, liwe la bei nafuu au la bei kubwa.

Tukishasema hivyo, mama atauliza: basi nipake nini? Swali ni la haki, na jibu halina gharama nyingi.

Mafuta ya nazi tunayatengeneza wenyewe. Chagua nazi zilizokomaa, nne au tano, zikune na uchuje tui zito kwa maji ya uvuguvugu. Liache usiku kucha mahali penye ubaridi ili tui zito lipande juu, kisha ulienguе na kulichemsha kwa moto mdogo huku ukikoroga. Maji yatakauka, masimbi yatakuwa ya kahawia na mafuta yatabaki yamejitenga. Epua kabla masimbi hayajaungua, chuja kwa kitambaa safi, na utie katika chupa iliyokauka kabisa, kwa sababu tone la maji likiingia mafuta yatachacha. Akina mama wa Njombe na Makete wasishtuke yakiganda kama samli. Mafuta ya nazi huganda penye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi, na hayajaharibika.

Siri iko katika wakati wa kupaka kuliko katika mafuta yenyewe. Tupake mara tu tunapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, ili mafuta yazuie maji yale yasipotee. Mama anayepaka mchana akiwa mkavu atalalamika kwamba mafuta hayamfai. Ila mwenye chunusi asiyapake usoni, yataziba vitundu vya ngozi na kuzidisha tatizo. Tena mafuta haya si kinga ya jua. Mama mwenye mtoto mwenye ualbino asiyategemee hata kidogo: mtoto huyo anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na krimu maalumu ya kukinga jua, kama ile inayotengenezwa KCMC kule Moshi.

Kwa uso, asali safi kijiko kimoja ikae robo saa kisha ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, yatosha. Wenzetu wa Tanga na Pemba wana liwa, inayosagwa na kulowekwa kwa marashi, ikapakwa na kusuguliwa inapokauka. Ngozi hubaki laini na yenye harufu nzuri. Haiwi nyeupe, na hilo ndilo tunaloipendea. Kitu chochote kipya tukijaribu kwanza ndani ya kiwiko, tusubiri siku nzima, ndipo tukipeleke usoni.

Viko vya jikoni ambavyo tunaviomba vibaki jikoni. Limau ni kimoja. Maji yake yakikaa kwenye ngozi na jua likaiwakia, ngozi huweza kuungua, kutoa malengelenge na kuacha alama nyeusi kwa wiki au miezi. Mama alitaka kutakata, amepata madoa. Bekingi pauda na magadi ni vile vile, vinaondoa ile hali ya asili ya ngozi inayoikinga na vijidudu. Na kwa kuwa tumetaja harusi na marashi, piko nyeusi inayowekwa kwa rangi ya nywele tuikwepe, hasa kwa mabinti. Wengine huvimba na kuchubuka kwa kufuata mchoro ule ule wa ua. Hina halisi ni ya rangi ya kahawia nyekundu, na inapendeza.

Miguu iliyopasuka tuiloweke katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, tusugue kwa jiwe taratibu, tukaushe hata katikati ya vidole, tupake mafuta mazito na kulala na soksi. Mwenye kisukari asipime joto la maji kwa mguu bali kwa kiwiko, au amwite mwingine ampimie, kwa maana mguu wake huweza kuungua asisikie. Naye asisugue kwa jiwe wala kukata gamba kwa wembe, amwonyeshe muuguzi.

Sasa tuingie kwenye unga, na hapa kuna habari ya mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha akina mama wa usharika. Hatutamtaja. Alikuwa akichanganya mkorogo kwenye ndoo nyumbani kwake na kuupima kwenye makopo, na kwa kazi hiyo alilipa ada ya watoto wawili tangu mume alipopunguzwa kazini. Habari ilipofika kikundini, wengine walitaka atolewe. Walisema haiwezekani mikono inayoandaa meza ya Bwana iwe ndiyo inayochubua watu. Yeye alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama zangu, mimi pia najua ni vibaya. Mniambie muhula ujao nitalipa na nini."

Hakuna aliyekuwa na jibu siku ile. Tulimweleza habari za zebaki na figo, naye alizisikia, lakini figo za mteja ziko mbali na karani wa shule yuko karibu. Wiki iliyofuata mama mmoja mzee, mwenyeji wa pwani, alisema kwamba yeye alisomesha kwa mkate wa mayai, na kwamba yuko tayari kumfundisha yeyote mwenye sufuria na mkono usiochoka.

Tunauandika hapa jinsi alivyotufundisha. Mayai 6, sukari kikombe 1, unga wa ngano kikombe 1, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Hakuna siagi, hakuna bekingi pauda. Kinachoumua mkate huu ni hewa, na hewa inaingia kwa kupiga. Kwanza yajaribu mayai katika bakuli la maji: linalolala chini ni jipya, linaloelea litupwe. Piga mayai na sukari kwa mchapo hadi yawe meupe na mazito, ukiinua mchapo uzi wake ukae juu kidogo kabla ya kuzama. Kwa mkono ni kama dakika 20 hadi 25, na wanaokosea wote hukosea hapa, wanachoka katika dakika ya kumi. Chekecha unga juu yake mara tatu kidogo kidogo na uugeuze kwa mwiko kutoka chini kuja juu, usiupige tena.

Sufuria ipakwe mafuta na ipashwe moto kidogo. Mimina. Funika kwa mfuniko bapa wa bati na upalie makaa. Mama yetu alikuwa akirudia neno moja: moto mwingi juu, chini kidogo. Makaa matatu au manne madogo chini yanatosha; mengine yote juu ya mfuniko. Anayeweka moto mkali chini atapata mkate mweusi kwa chini na mbichi katikati, halafu atalaumu mayai. Usifunue kabla ya dakika 20. Baadaye choma kwa kijiti kisafi, kikitoka kikavu umeiva, kwa kawaida kati ya dakika 30 na 40. Uache upoe ndani ya sufuria kabla ya kuugeuza.

Mengine mawili ni ya kiuguzi. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa mvua na baridi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na imeondoa familia nzima usingizini. Na watoto wasilambe bakuli la mayai mabichi, ingawa tunajua ndiyo furaha yao. Yule anayependa kutia asali badala ya sukari kwenye keki nyingine za nyumbani asimpe mtoto aliye chini ya mwaka 1, iwe mbichi au iliyookwa. Tumbo lake haliwezi kushindana na vijidudu ambavyo huweza kuwemo.

Mwenzetu alijifunza haraka kuliko sisi sote, maana ana mkono wa kukoroga. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hatukulitazamia. Yeye mwenyewe alikuwa akijipaka dawa ile, kama tangazo la biashara, na ngozi yake haikustahimili joto la makaa. Akisogelea jiko uso unawaka kama umepakwa pilipili. Alipoacha kupaka ikawa mbaya zaidi, uso ukawa mwekundu, ukavimba na kuwasha, hata akataka kurudia kopo apate nafuu. Hali hii hutokea kwa wengi wanaoacha steroidi walizozoea, na ndiyo sababu tunasema: krimu unayodhani ina zebaki iache leo, lakini kama umetumia dawa za steroidi muda mrefu nenda hospitali, uchukue na kopo lenyewe, uongozwe namna ya kuacha. Tulimsindikiza. Wakati akitibiwa, yeye alikuwa akipiga mayai kivulini na wengine wakisimamia moto.

Fedha nayo haikuja mara moja, na hatupendi kuwadanganya wasomaji. Mkorogo hununuliwa kila mwezi na mteja aliyekwisha kuwa mtumwa wake. Keki watu hula wakiwa na sherehe au wakiwa na chenji. Muhula wa kwanza kikundi kilimkopesha sehemu ya ada kutoka mfuko wetu, na wapo walionung'unika. Muhula wa pili aligundua mwenyewe kwamba mkate mzima hauuziki katikati ya wiki, akaanza kuukata vipande vya kula na chai na kuvipeleka asubuhi mapema kwenye kituo cha mabasi na kwenye ofisi. Mayai yakipanda bei anabadilisha, anaoka mkate wa kumimina wa mchele na tui, usiohitaji hata yai moja. Jumamosi hupokea oda za harusi na kipaimara.

Uso wake ulichukua miezi mingi kutulia. Rangi iliyorudi si sawa kila mahali, na shavu moja lina kivuli ambacho daktari amesema huenda kisitoke. Wateja wake wa zamani bado hugonga mlango wakiulizia ndoo. Huwapa kipande cha mkate wa mayai, na wengine huondoka wamekasirika. Wawili wamerudi kuuliza habari za mafuta ya nazi, kwa hiyo sasa siku za Alhamisi, baada ya ibada ya akina mama, tunakuna nazi pamoja nyuma ya kanisa. Kila mmoja huja na mbuzi yake.