Lundo la Mawe

Kwetu Bunju ukiona lundo la mawe ujue kuna mtu anataka kujenga. Fuso limeshamwaga mzigo, anasubiriwa fundi aanze msingi. Tangu nimalize kidato cha nne nimebeba mawe ya watu wengi, na jioni naandika riwaya yangu, ambayo mjomba anaiita "hayo makaratasi yako".

Lakini ndugu msomaji, yako malundo mengine. Kule Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, wafugaji wa kwanza wa eneo lile walijenga uwanja wa mawe wenye upana wa mita 30 hivi. Ni miaka kama 5,000 iliyopita. Walisimamisha nguzo za mawe, nyingine zimetolewa umbali wa kilomita nzima, na pembeni wakapanga malundo. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba hapo wamezikwa watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, wazee, hata watoto wachanga. Wengi wana mapambo yao. Kaburi la bwana mkubwa halikuonekana.

Hapo ndipo nilipokwama. Mkubwa hakuna! Sasa nani aliwaamuru wavute jiwe kilomita nzima juani? Mimi uzito wa jiwe naujua.

Hata kwetu Tanzania wafugaji wa kale waliacha makaburi ya malundo ya mawe ndani ya kreta ya Ngorongoro. Na ukipanda daladala kutoka Bunju kuelekea mjini, utashuka Kunduchi penye makaburi ya nguzo, yaliyopambwa zamani kwa vyombo vya Kichina. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kilichojengwa na watu kabla ya 1863. Sawa. Ila Kunduchi hiyohiyo watu wamepasua kokoto miaka nenda rudi. Nguzo inajieleza yenyewe, bwana, lundo halijielezi. Mwenye nyundo atajuaje? Sheria haitamshika mkono kule porini. Labda atokee mzee wa pale amwambie, "Hapo pana watu."

Nilimsimulia mjomba, akacheka sana. "Watu wanatafuta pa kulala, wewe unalilia waliokwisha kulala?"

Sikumbishia, maana kiwanja chake mwenyewe anakijua alivyokipata. Akavuta kigoda, akakaa kimya kidogo.

"Hao mia tano na themanini," akaniuliza, "hakuna hata mmoja anayejulikana jina?"