Zohali, Mleta Uzee

Wengi wakisikia The Planets ya Gustav Holst hudhani ni muziki wa roketi na darubini. Wapi! Mwingereza huyu alikuwa amenogewa na unajimu, uleule wa safu za nyota magazetini, baada ya rafiki yake Clifford Bax kumwonjesha mwaka 1913. Ndiyo maana katika vipande 7 alivyotunga kati ya 1914 na 1917, Dunia haimo. Kwa mnajimu, Dunia ni pale aliposimama mteja.

Kila sayari ina kazi yake. Mirihi inaleta vita, Zuhura amani, Mshtarii furaha. Wasikilizaji hukimbilia Mirihi, na siwalaumu: ile midundo mitano mitano inakanyaga kama buti za askari. Holst mwenyewe alikipenda zaidi kipande cha 5, Zohali, mleta uzee.

Mimi kilinikamata mwaka ule baba alipoanza kusahau majina yetu. Natoka chumba cha habari usiku, nakiweka masikioni. Kinaanza na filimbi na vinubi, sauti mbili zikipokezana kama saa ya ukutani katika nyumba isiyo na mazungumzo. Tromboni zinaingia kwa mwendo wa mazishi. Mara kengele zinagongwa kwa vurugu, moyo unaruka. Hapo nilimwona mzee wangu kabisa: hasira zake za kutafuta funguo alizozishika mkononi. Kisha makelele yanashuka. Saa ileile inaendelea, ila sasa haitishi.

Holst alikuwa na miaka kama 40 tu alipoianza kazi hii, mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana London. Mkono wake wa kulia ulimsumbua kwa maumivu hata akasaidiwa kuandika noti. Nadhani mwili ulikuwa umeshamwambia jambo.

Unajimu siuamini. Mnajimu anauza habari za kesho, na kesho ya baba naijua bila kulipa. Nilichokosa ni namna ya kukaa naye leo, wakati kengele zinagonga, bila kumsahihisha kila neno. Siku hizi akiniita kwa jina la marehemu baba mdogo, naitika.

Kipande kina kama dakika 9. Usikisikilize ukiwa unaendesha gari.