Kabla Hujalipia Subaru Ile

Dagoretti Corner,
Nairobi

Mwanangu Mwangi,

 

Mama yako ameniambia umeona Impreza WRX ya 2006 kwenye yadi moja hapa Ngong Road, yenye kilomita 190,000, na kwamba unataka kuilipia mwisho wa mwezi. Alitaka nikukataze. Sitakukataza. Nilikuwa na umri kama wako Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na mpaka leo mlio wa injini ile ukipita barabarani lazima nigeuke. Ninachokuomba ni usome barua hii kwanza.

Gari hilo haliwezi kuletwa nchini leo. Sheria yetu inakataa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo kila WRX ya umri huo iliingia zamani na imepitia mikono mingi. Kilomita 190,000 hazinitishi. Kinachonitisha ni miaka ambayo hakuna anayejua gari lilitunzwaje. Muulize muuzaji vile vyeti lilivyokuja navyo kutoka Japani. Kilomita ziliandikwa humo. Kama cheti cha 2013 kinasema 110,000, piga hesabu mwenyewe uone kama safari za miaka iliyofuata zinaingia akilini. Logbuku nayo itazamwe kwenye mtandao wa NTSA, ujue kama kuna benki inayodai.

Mimi niliponunua langu sikuuliza. Niliambiwa mkanda wa taiming umebadilishwa juzi tu, nikaamini kwa sababu muuzaji alikuwa mpole na gari linang'aa. Mwezi wa tatu, nikitoka Junction kuja Corner, injini ilizima ghafla, hata kukohoa haikukohoa. Tulilivuta mpaka kwa fundi. Alipofungua kifuniko aliniwekea mkanda ule mkononi: mpira umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi, na mahali pamoja meno yameng'oka yote, pamebaki laini kama ulimi. Katika injini ile mkanda ukikatika, pistoni hugonga vali zilizo wazi na kuzipinda. Hedi zote mbili zilishushwa. Nililipa karibu theluthi ya pesa nilizonunulia gari, na miezi miwili nikapanda matatu nikiwa na funguo za gari kwenye mkoba.

Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa hiyo lako lilipaswa kubadilishiwa mara moja, na mara ya pili imekaribia. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Ubadilishe pamoja na rola zake na pampu ya maji, maana kazi ya kufika huko ndani ni ile ile.

Ndiyo maana nakusihi usimalize akiba yako yote kwa kununua. Bakisha robo. Mwezi wa kwanza utahitaji mkanda, oili, kulanti, plagi, bushi za chini na pengine klachi. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta spea, beba kile kilichotoka ndani ya gari na ulinganishe namba kabla hujatoa pesa. Spea bandia zipo, na boksi huigizwa vizuri kuliko kilichomo.

Oili ndiyo nitakayoirudia mpaka unichoke. Injini hizi hula oili, na tabo huiunguza. Kila Jumapili asubuhi, gari likiwa limelala mahali tambarare, chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Ikikaribia alama ya chini, ongeza siku hiyo hiyo. Uibadilishe kila kilomita 5,000. Ukitoka safari ndefu usizime papo hapo. Iache ingurume dakika moja, tabo ipoe.

Na vijana wenzako watakushauri umpe fundi aongeze nguvu ya tabo. Kataa, mwanangu. Injini ile ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake inazidi ya Super yetu. Ukiilazimisha, pistoni ndizo zitakazolipa. Nguvu iliyonayo inatosha: hapa kwetu, karibu na makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, magari mengine yanaishiwa pumzi, lakini lenye tabo halisikii sana mwinuko huo. Utalifurahia hivyo hivyo lilivyo.

Mwambie muuzaji tunakuja Jumamosi asubuhi wanapofungua, na gari lisiwashwe kabla hatujafika. Nitagusa boneti, ikiwa na joto, tutarudi siku nyingine. Nataka kuisikia injini ikiamka baridi, kisha twende nalo Naivasha Road mpaka Uthiru na kurudi, lipate moto sawasawa. Mlio wa kugonga unaofifia injini ikipata joto tunaweza kuuzungumzia. Unaozidi, hapana, hata apunguze bei namna gani. Wewe njoo na fundi unayemwamini. Mimi nitaleta tochi na kitambaa cheupe cha kupangusia kijiti.

Ni mimi shangazi yako,
Wanjiku