Sikio Kwanza, Pikapu Baadaye

Majuzi kijana mmoja wa Luzira, mpiga solo wa kanisani, aliniuliza: "Mzee, nikitoa pikapu hizi za gitaa langu, niweke zipi zenye nguvu zaidi?" Nikamuuliza anatafuta sauti gani. Akarudia: zenye nguvu. Nikamkumbuka fundi wangu wa Port Bell, bandari ya Uganda iliyo hapo hapo Luzira.

Nilifika Port Bell mara ya kwanza nikiwa baharia wa MV Umoja, meli ya kubeba mabehewa kutoka Mwanza. Ilikuwa 1987, au 1988. Nisichosahau ni harufu: kimea cha kiwanda cha bia, mukene, yaani dagaa, walioanikwa juani na, ndani ya kibanda cha fundi huyo wa redio, nta inayoyeyuka.

Pikapu ya gitaa nililopigia kwenye bendi yetu, ya koili moja, ilikuwa imekufa, na pa kununua nyingine sikupajua. Fundi hakukimbilia bisibisi. Alinipa kigoda na gitaa lake. "Piga, mwanangu, niisikie bendi yenu." Nikapiga. Akauliza: tarumbeta ngapi? Unapiga solo au rithimu? Mwimbaji wenu ana sauti nene au nyembamba?

Ndipo akanieleza. Koili moja ina sauti kali, hupenya katikati ya tarumbeta, ila hunasa mvumo wa umeme. Koili mbili, zile za Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, huua mvumo huo kwa kuwa koili ya pili imegeuzwa, na sumaku yake pia. Sauti huwa nene. Ukiongeza mizunguko ya waya, nguvu hupanda, ukali hufifia. "Kila unachoongeza kinakula kingine," alisema.

Kwa bendi yetu yenye tarumbeta tatu akachagua koili moja. Aliisuka upya kwa mkono, waya mwembamba kama unywele, akichora mstari wa chaki kila mizunguko mia. Ilipita elfu saba. Kisha akaizamisha katika nta ya nyuki na ya mshumaa, isipige filimbi mbele ya spika. Kazi ya siku mbili, meli ikipakuliwa.

Baadaye mambo yalikwenda haraka. MV Kabalega, meli nyingine ya mabehewa, ilizama 2005, mabehewa yakapungua, kibanda kikavunjwa, fundi akafariki. Sasa pikapu huagizwa kwa simu, kwa kutazama namba za om, yaani ukinzani wa waya. Inaniudhi. Vijana hufunga koili mbili, wakaacha vidhibiti vya sauti vya kilo-om 250 vilivyowekewa koili moja, kisha wanalalamika gitaa limeziba, ilhali zilihitaji vya 500.

Kijana wangu, kabla hujatoa pesa, kaa na wenzako mpige wimbo mmoja, usikilize gitaa lako linapotea wapi. Hapo ndipo utajua la kununua. Pikapu ya fundi yule ingali kwenye gitaa langu, na tarumbeta hazijaifunika.