Kasha la Urithi

Vitu vya urithi vina tabia moja ya ajabu: thamani yake haisomeki juu yake. Mtu wa kando huona shaba iliyopiga weusi na ubao uliopasuka. Mrithi huona uso wa mtu. Kwa sababu hiyo, kutengeneza urithi wa mtu mwingine ni kazi ya hatari kuliko kuunda kitu kipya. Na kuutengeneza kwa siri, ili uwe zawadi ya ghafla, ni hatari zaidi, maana siri humnyima mtengenezaji nafasi ya kumwuliza yule mmoja tu ajuaye jibu.

Mzee mmoja wa Mji Mkongwe wa Unguja, karani wa forodha aliyestaafu, alijitia katika hatari hiyo kwa furaha kamili. Mkewe alikuwa na kasha. Alilipewa na bibi yake, mama wa mama yake, ambaye naye aliingia nalo nyumbani kwa mumewe siku ya arusi yake. Bibi yule alikuwa na wana wa kiume na wa kike, lakini kasha aliwaruka wote akampa mjukuu. Sababu hakuitaja, na katika ukoo ule hakuna aliyethubutu kuiuliza.

Lilikuwa kasha la msaji, urefu wake wapata dhiraa tatu, lenye kifuniko kizito, saraka tatu chini, na usoni mabamba ya shaba ya manjano na misumari iliyopangwa kwa duara na nyota. Hivyo ndivyo lilivyokuwa zamani. Wakati wa habari hii mabamba yalikuwa meusi kama sufuria, misumari 60 na zaidi ilikuwa imepotea, kitasa hakikuwa na ufunguo, na miguu ya mbele, ambayo mtu fulani aliibadilisha kwa mbao duni, ilikuwa imeliwa na mchwa. Msaji wenyewe haukuguswa, kwa kuwa una mafuta ambayo mchwa hawayapendi. Juu ya hayo yote kasha zima lilikuwa limepakwa rangi ya mafuta ya kijani, ile ile ipakwayo madirisha. Mzee aliichukia rangi ile kwa miaka 30 bila ya kusema neno, na huo ni ustahimilivu wa kupigiwa mfano katika ndoa yoyote.

Makasha ya namna hii yana nasaba ndefu. Mengi yaliletwa na vyombo vilivyokuja kwa pepo za kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kutoka Surat na Bombay, mji ambao tangu mwaka 1995 huitwa Mumbai, na kutoka bandari za Ghuba. Pepo zilipogeuka kuwa kusi, vyombo vilirudi na boriti za mikoko, karafuu na pembe za ndovu. Nahodha alikuwa na kasha lake chomboni, ndani yake hati, fedha na nguo. Huku pwani kasha liliingia chumbani mwa bibi arusi, likatunza kanga, mikufu, chetezo na udi. Wachuuzi hulitaja hili kuwa la Surat na lile kuwa la Shiraz kwa kutazama nakshi na misumari, walakini majina hayo ni ya namna kuliko ya mahali, wala hayathibitishi kuwa kasha lilichongwa huko. Mafundi wa Unguja nao huyaunda hata leo, na katika maduka ya wageni mengine hupakwa weusi ili yazeeke kwa siku moja. Ni jambo la kuchekesha kuwa ukongwe, ambao kila binadamu huukimbia, hununuliwa kwa bei kubwa ukiwa wa ubao.

Fursa ya mzee ilikuja mwezi wa Machi. Binti yao alijifungua Mombasa, na mama mtu akavuka kwenda kumlea mzazi mpaka arobaini itimie. Siku ya pili ya safari hiyo wapagazi wawili walilipakia kasha mkokotenini, wakalifunika mkeka, wakalipitisha katika vichochoro vya mji hadi karakana ya fundi mmoja mzee wa makasha. Majirani waliona. Walihimizwa wasiseme, na kwa mastaajabu ya wote hawakusema.

Mzee alikuwa amekwisha kuamua kila kitu. Alitaka rangi itoke yote, shaba ing'are kama siku iliyotoka kwa mfuaji, kasha lipigwe msasa na vanishi nje na ndani, na kitasa kiwe kipya. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kifuniko, akatazama ndani kitambo kirefu.

"Bwana," akauliza, "mkeo akilifungua kasha hili, hufanya nini kwanza?"

"Hutoa anachokitaka."

"Kabla ya kutoa."

Mzee akafikiri. Ilikuwa kama kuulizwa rangi ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. "Huinama," akasema hatimaye. "Huingiza kichwa ndani, akakaa hivyo kidogo. Nilidhani macho yake yamepungua nguvu."

"Basi humu ndani hapapakwi kitu."

Fundi akamwita asogee anuse. Ubao mtupu usiopakwa kitu hunywa harufu na kuitoa polepole kwa miaka mingi: udi, asumini, karafuu, marashi yaliyomwagika siku ambayo hakuna tena anayeikumbuka. Vanishi huziba vinyweleo vya ubao kama nta izibavyo chupa. Kwa mkono mmoja wa vanishi kasha lingekuwa safi, nalo lingenuka kama duka. Mzee alikuwa ameishi na kasha lile tangu arusi yake, na hakuwahi kuingiza kichwa ndani.

Kazi ikaanza. Juu ya shaba fundi hakukubali gurudumu la mashine lisuguao haraka, maana gurudumu haling'oi weusi peke yake. Hula na shaba yenyewe, na alama za nyundo za mfuaji wa kwanza hupotea. Alitumia ukwaju na ndimu, ambazo uchachu wake huyeyusha weusi, kisha maji mengi, kisha kitambaa kikavu, akaiacha shaba katika wekundu wa asali badala ya mng'aro wa kioo. Misumari ilikuwa na udhia wake. Mingine ilikuwa chuma kilichovikwa kofia ya shaba, na hewa ya bahari hutia chuma kutu, kutu hufura, na ubao hupasuka pembeni mwake. Kila msumari wa hivyo ulitolewa, tundu likazibwa kwa kijiti cha msaji, kisha likatobolewa upya kwa keekee. Misumari iliyopotea ilipata badala yake katika mabaki ya kasha jingine lililovunjika. Miguu ilichongwa kwa msaji wa boriti ya nyumba iliyobomolewa. Rangi ya kijani ilikwanguliwa kwa vipande vya kioo kilichovunjika, kisha ubao ukasuguliwa kwa majani ya msasa, yale majani makavu yenye mparuzo ambayo karatasi ya dukani ilirithi jina lake. Ilikuwa kazi ya siku 19 kwa rangi peke yake.

Ndani, upande wa kushoto, mlikuwa na kisanduku kidogo kilichojengwa pamoja na kasha, na ubao wake mmoja, fundi alipousukuma juu, ulifichua nafasi ya siri. Mzee alishika pumzi. Hapakuwa na dhahabu wala barua. Palikuwa na vumbi na karafuu tatu kavu, na fundi akazirudisha mahali pake, akafunga.

Wakati huo masika yalikuwa yameanza, na mke akapiga simu kutoka Mombasa kuuliza kama paa linavuja na kama kasha lake limefunikwa. Mzee, ambaye katika miaka yake ya forodha alizoea kusikiliza majibu ya wenye mizigo, akajibu kuwa kasha liko mahali pakavu kabisa. Neno hilo lilikuwa kweli tupu; hata hivyo hakulala vizuri usiku ule.

Siku ya 38 fundi alisema kuwa mgongo wa kasha haujakwanguliwa. Palikuwa na muda wa kazi moja tu: mgongo au kitasa. Desturi ya mafundi ni kuwa kisichoonekana hungoja, na mgongo wa kasha hutazama ukuta. Kikatengenezwa kitasa.

Mke alirudi jioni, amechoka kwa safari. Mumewe alimwachia mlango wa chumba akabaki nyuma, kama mtoto aliyeficha kitu mkononi. Alilitazama kasha bila ya kusema. Akapitisha kiganja juu ya shaba, akahesabu misumari ya nyota moja kwa kidole, akafungua saraka na kuzifunga. Kisha akainua kifuniko, akainama, akaingiza kichwa ndani, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Mzee akamshukuru fundi moyoni.

Alipoinuka alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. Alisifu kila kitu, tena kwa haki. Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, akauliza kama ile rangi imetoka yote. Kumbe aliyelipaka kasha lile alikuwa kaka yake, kijana wa miaka 15 wakati huo, wiki moja kabla ya arusi yake, kwa rangi iliyobaki katika madirisha ya nyumba ya baba yao, akidhani analipendezesha. Kijana yule alizama baharini mwaka uliofuata. Mumewe aliijua habari ya kifo. Habari ya rangi hakuwahi kuambiwa, wala hakuwahi kuuliza.

Mzee hakupata neno. Alishika pembe moja ya kasha akalivuta kutoka ukutani, mke akashika pembe ya pili, wakaligeuza nusu mpaka taa ikaufikia mgongo. Kijani kilikuwapo chote, pamoja na michirizi ya brashi na alama ya kidole gumba kilichogusa rangi ikiwa mbichi. Mke akaweka kidole chake juu ya alama ile. Kisha wakalirudisha kasha mahali pake, naye akaomba lisisukumwe sana, lipate nafasi ya mkono kupita kati yake na ukuta.